Uyoga Ulioota Kwenye Vifusi

Miaka ile ya tisini mtaalamu wa uyoga alipanga chumba kwangu, pale Didia. Jamani, tulimcheka! Mwanamke mzima, katoka chuo kikuu, eti kasomea mboga. Mvua ikinyesha tunafuatana naye kwenye vichuguu. Anapiga magoti, ananusa, anachora, anaulaza uyoga kwenye karatasi aone unga wake una rangi gani.

"Mayu, mama wee, utakula lini sasa?" namtania.

"Nikishaujua."

Sisi Wasukuma uyoga wa kichuguuni hatuuogopi. Mweupe, mnene, ukiuchomoa unatoka na mzizi mrefu.

Mdogo wangu alikuwa Geita, anawapikia wachimbaji. Kule udongo wa mashimo wameurundika, ukitazama vile vifusi utasema vichuguu. Mvua zilipoanza, uyoga mweupe ukaota pale. Akajiona yuko nyumbani! Akaukata kwa kisu juu ya udongo, haraka haraka, akaunga karanga. Wateja walitaka nyama, basi akala yeye na mume wake.

Habari zinatufikia, mume kashazikwa. Nikamwangukia mtaalamu: "Twende, uniokolee mdogo wangu." Akawasha gari, hata chumba hakufunga.

Tukamkuta hospitali amekaa kitandani, anacheka! Kutapika kumekoma, kuharisha kumekoma.

"Dada, maziwa ya mgando umeniletea?"

Nikapiga vigelegele, wodi nzima ikageuka. Mtaalamu hakucheka. Alimfunua jicho, kumbe la njano. Akanivuta nje.

"Dada, nafuu hii ni ya uongo. Sumu imeshafika kwenye ini."

"Si umesomea uyoga wewe? Toa dawa!"

"Nimesomea. Dawa sina."

Nilimchukia, siwafichi. Mdogo wangu akawa njano mwili mzima, akaanza kuniita mama, akafa.

Tulipomaliza kuzika, mtaalamu akaenda na jembe kwenye vile vifusi. Anafukua uyoga mmoja mmoja mpaka shinani. Mzizi mrefu hakuna, kuna kifuko kama ganda la yai. Wachimbaji kumwona anachimba, wakaja mbio na makarai yao.

"Mama, umeona dhahabu?"

"Nimeona sumu. Uyoga huu msile."

"Aaa! Tulidhani mali!"

Wakacheka, wakarudi mashimoni. Yeye akainama tena, anafukua. Nikaingia kibandani kwa marehemu, nikatafuta jembe.