Bunju wa Uani Kwetu

Nianze na aibu yangu kabisa, ili baadaye nikijisifu usije ukasema sikukupa nafasi ya kunicheka. Mwezi uliopita, mimi mtu mzima na akili zangu, niliingiza kidole kwenye tangi la samaki dukani, samaki akaking'ata.

Nilikuwa nimeenda Kariakoo kununua bomba la pazia. Mimi si mtu wa kutoka. Ukiniona mjini ujue pazia limeanguka kabisa na wapita njia wameanza kunisalimia nikiwa kitandani. Katika kupita nikakuta duka la samaki wa mapambo. Kwenye tangi la pembeni alikuwepo mmoja, kichwa kikubwa, tumbo jeupe, macho yanazunguka kila moja na safari yake. Bunju! Yule samaki wa kujivimbisha; huyu wa maji baridi, mdogo kama ndimu, lakini bunju.

"Hawa nawajua tangu utoto," nikamwambia muuzaji, kwa sauti ya mtu aliyesomea. "Wapole. Ukimwekea kidole anakuja kukibusu."

Alikuja. Hakubusu.

"Mama, si umesema unawajua?" Kijana alicheka mpaka akaishikilia kaunta, huku ananitafutia plasta. "Au huyu humjui, unamjua babu yake?"

Naam, babu yake ndiye ninayemjua. Keti basi nikusimulie.

Tulikaa nyumba ya Kiswahili, mtaa wa ndani Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani. Ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi uani. Vyumbani tulilala tu. Uani ndiko tulikoishi. Kila mpangaji alikuwa na jiko lake la mkaa na pipa lake la maji, na kila mmoja alijua mwenzake anapika nini kabla sufuria haijafunikwa. Asubuhi ilianza na adhana, zikafuata nyundo za mafundi wa Gerezani wakigonga vyuma, halafu kuku. Kuku walikuwa wa jirani yetu wa chumba cha mbele, mama wa Kichaga aliyekuwa na duka la vyombo sokoni. Aliwafuga kwenye banda la wavu pale pale uani. Nyumba nzima ililalamikia harufu, na nyumba nzima ilikula mayai.

Mimi niliishi na bibi, mzaa mama. Bibi aliniita mke mwenzake, kwa hoja kwamba marehemu babu alikuwa mume wetu sote wawili. Akikasirika aliniambia babu alinipenda mimi kwa sababu hakuwahi kuonja mchuzi wangu. Kwenye mchuzi bibi alikuwa hana mpinzani. Hakupima chumvi kwa kijiko hata siku moja. Alidondosha tone la mchuzi kwenye kiganja, akalamba, akatazama juu kidogo kama anayesikiliza, kisha akaongeza au akaacha. Mtaa mzima walimwita kwenye shughuli zao kwa ajili ya kiganja kile.

Bunju aliletwa na mkaanga samaki, mpangaji wa chumba cha mwisho. Kila alfajiri alirudi kutoka soko la Feri na beseni la samaki wa kukaanga jioni barazani. Siku hiyo, chini ya kamba na vibua, kulikuwa na kitu kimevimba kama mpira wa watoto, kina miiba midogo na uso wa mtu aliyeonewa. Bado kilikuwa hai. Mkaanga samaki alitaka kukitupa, mimi nikakiomba.

"Mke mwenzangu," bibi aliita kutoka jikoni, "hicho mkononi ni nini?"

"Samaki, bibi."

"Samaki gani anayevimba? Bunju huyo! Unataka kutuzika nyumba nzima?"

Bibi alizaliwa pwani, hakuhitaji kuambiwa bunju ni sumu. Alijua wasimulizi wanaoanza na "walikula bunju" hawana haja ya kumalizia. Jirani akatoka bandani na mayai kwenye kanga, akachungulia, akauliza, "Samaki asiyeliwa ni wa nini sasa?" Nililia tu, na kulia nilikuweza.

Bibi alikubali kwa masharti. Bunju akae kwenye beseni letu la bluu la kufulia, lifunikwe kwa wavu, paka asije akamla akafa. Chombo chochote cha jikoni kisiguse maji yale. Na sharti kubwa: "Kwangu hakuna kiumbe kinachoshinda njaa. Siku akikataa kula, anarudi baharini siku hiyo hiyo, na sitaki machozi."

Siku ambazo mkaanga samaki alikumbuka, alituletea dumu la maji ya bahari. Siku ambazo hakukumbuka, tulichanganya maji ya bomba yaliyolala na chumvi ya mawe ya sokoni. Kiasi gani? Hapo ndipo bibi alipojisahau. Aliniona namwaga chumvi ovyo, akashindwa kuvumilia. Akachota maji safi kabla hayajamwagwa kwenye beseni, tone kiganjani, akalamba, akatazama juu. "Bado," akasema. "Bahari ina ukali zaidi, halafu mwishoni ina uchungu." Kuanzia hapo maji ya bunju yaliungwa kama mchuzi wa harusi. Wapita njia waliposikia bibi anaonja maji ya bunju walikimbia kumtazama kama bado anapumua. Yeye aliwajibu kwamba hakuna atakayesema kuna kitu kimekosa chumvi nyumbani kwake, awe mtu au samaki.

Na mimi nilimlisha. Ndugu yangu, nilimlisha! Mkaanga samaki alinipa kamba wadogo na miguu ya kaa, nami nikafanya kama bibi alivyowafanyia wageni wa heshima. Nilimenya kila kamba. Nilipasua kila mguu wa kaa kwa jiwe, nikatoa nyama nyeupe, nikatupa gamba kwa kuku. Bunju alikuja juu ya maji akiniona, akatingisha mapezi yake madogo kama anayepigia makofi, akachukua kipande vidoleni mwangu taratibu. Watoto wa mtaa walipanga foleni kuangalia. Shuleni mwalimu alipotuambia tuandike habari za mnyama tunayemfuga, niliandika kurasa hadi mkono ukaniuma. Mwalimu akaweka wino mwekundu chini: "Samaki si mnyama." Mpaka leo bado tunabishana, mimi na yeye, ingawa yeye hajui.

Ramadhani ikaingia. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kufunga mwezi mzima, bila ile funga ya watoto ya kuishia adhuhuri. Nilijivuna sana. Nilitembea uani na midomo mikavu nikihakikisha kila mtu ameiona. Na hapo hapo, bunju akaacha kula.

Alikuja juu kama kawaida. Alichukua kamba, akamzungusha mdomoni, akamtema. Akachukua tena, akatema tena. Kesho yake vivyo hivyo. Nyumba ikapata mchezo.

"Bunju naye kafunga," alisema mkaanga samaki.

"Kamuiga mwenyewe," wakadakia wengine. "Muulizeni kama daku aliamka."

Nilicheka nao. Lakini tumbo la bunju lilikuwa limeingia ndani. Nilimficha bibi kadiri nilivyoweza. Vipande alivyovitema niliviokota kabla hajaviona. Kumrudisha baharini katika hali ile kulikuwa ni kumpeleka akaliwe, hata mtoto alijua. Lakini bibi hakuwa mtu wa kufichwa jambo la chakula. Alisimama juu ya beseni mkono kiunoni.

"Mgeni wako hali."

"Labda chumvi, bibi. Nimeunga mwenyewe."

Bibi alikuwa amefunga, hawezi kuonja. Wengine walisema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema kunaruhusiwa kwa mpishi, lakini bibi alisema huyo ni mpishi wa watu, yeye hakuwa ameajiriwa na samaki. Kwa hiyo akafanya alichokuwa akifanya kila Ramadhani kwa mchuzi wa futari. Akaita chumba cha mbele.

"Mwanangu, hebu njoo utuonjee."

Jirani alikuja anafuta mikono. Mwezi mzima ule yeye, Mkristo asiyefunga, ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba: wanawake wote waliofunga walimletea vijiko, naye alionja na kutoa hukumu bila huruma. "Pilipili nyingi." "Hii nazi ya jana." Tukampa maji ya ndooni, yale niliyoyaunga. Akaonja, akatema mbali mpaka kuku wakatawanyika.

"Jamani watu wa pwani! Mnanipa nini hiki?"

"Imekolea?" bibi aliuliza.

"Imekolea mpaka meno yananiuma! Chumvi ipo." Akainama juu ya beseni, pengine kumwangalia aliyesababisha adhabu ile. Bunju akaja juu, akafungua mdomo. Jirani akachuchumaa, akamtazama tena kama anavyotazama kuku wake asubuhi. "We mtoto, njoo hapa. Huoni meno hayo? Yameota yakapitana. Atakulaje? Kuku mdomo ukizidi nakata. Huyu unamlisha nini?"

"Kamba. Nimemmenyea."

"Umemmenyea?"

"Na kaa. Nilimtolea nyama."

"Maganda yako wapi?"

Nilionyesha bandani. Kuku wake walikuwa wamenenepa, maganda ya mayai yao yamekuwa magumu kama sahani. Alicheka kwanza, akacheka hadi akakaa chini. "Hayo magamba ndiyo ya kumsagia meno!" Nilijisikia vibaya, maana nilikuwa nimemfanyia heshima, na ile heshima ndiyo iliyokuwa ikimuua.

Alileta mkasi mdogo wa kukatia kucha. Nikampa bunju, nikajua atamkata yeye. Akanikabidhi mkasi. "Mimi nashika, wewe unakata. Samaki wako."

Bibi alitaka kwanza kujua kama kukata meno ya samaki kunabatilisha funga. Hakuna aliyejua, akaamua kusimama pembeni na tasbihi kwa tahadhari. Jirani alimfunga bunju kwa kipande cha kanga kilicholowa, akamshikilia majini, mdomo tu ukiwa nje. Bunju akavimba mikononi mwake, akavimba, na yule mama hata hakupepesa. Nikasogeza uso karibu, na bunju akanitemea maji usoni, maji ya chumvi, mdomo mzima.

"Fumba mdomo!" bibi alipiga kelele. "Saumu!"

Nilifumba. Macho yakiniwasha, midomo nimeibana kama niliyeshonwa, nikakata. Kidogo juu. Kidogo chini. Ulisikika mlio mkavu kama wa kuvunja punje ya mchele. Jirani akamwachia, bunju akazama chini kabisa ya beseni, hakutaka kutuona hata mmoja.

Niliweka mguu wa kaa na gamba lake, nikafunika wavu. Hakuugusa. Alasiri hakuugusa. Bibi alipita akatazama, akarudi kwenye mihogo yake.

Magharibi tuliketi kwenye mkeka uani, uji wa pilipili manga ukifuka, mihogo ya nazi, tambi, tende kwenye kisahani. Adhana ikalia. Uani kote kukawa kimya, kimya kile cha watu wengi kuomba dua kwa pamoja. Na ndani ya kimya hicho, kutoka kwenye beseni la bluu, tukasikia: kach!

Kisha tena: kach, kach.

Bibi alikuwa ameshika tende njiani kuelekea mdomoni. Aliiacha hapo hapo hewani.

"Amefuturu," akasema.

Nimewahi kusifiwa tangu wakati huo, si sana, lakini nimewahi. Hakuna sifa iliyonijaa kifuani kama neno lile moja. Nilimaliza mwezi wangu wote, na bunju akamaliza kaa wote wa mkaanga samaki, na magamba yao. Kuku wakarudi kwenye pumba.

Bunju aliishi nasi hadi nyumba ilipouzwa. Pale sasa pana ghorofa, chini mabegi, juu vitambaa, na juu zaidi sijui nini, sijawahi kupanda. Nimejaribu kusimama pale ulipokuwa uani, nikapigwa kikumbo na mtu mwenye mzigo kichwani, akaniambia nasimama katikati ya njia. Bibi alihamia Magomeni kwa mjomba, na akafia huko akiwa bado anasema chumvi ya huko haina nguvu. Ninapoishi mimi milango yote ina mageti, na mwezi wa Ramadhani nikiwa na mashaka na mchuzi wangu naubahatisha tu, maana sijui nimgongee nani. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko nyumba yenyewe. Nyumba ni udongo na miti. Ulimi wa jirani ndio sijaupata tena.

Wiki ya mwisho pale, vyumba nusu vitupu, mimi na jirani tulimbeba bunju kwenye ndoo mpaka ufukweni, mbali kidogo na wenye nyavu. Bibi miguu haikumruhusu. Bunju alikuwa mkubwa sasa, mnene, meno mafupi safi, na nilitembea na ndoo ile kichwa juu, natamani watu waniulize nimebeba nini. Nikaingia hadi magotini, nikaiinamisha. Alikaa kidogo kati ya miguu yangu. Kisha akatingisha mapezi yale, akaenda, hakugeuka.

Nilibaki nimesimama na ndoo tupu, natazama maji. Nilisimama mpaka nguo zikalowa.

"Unangoja akuage?" jirani aliniita kutoka mchangani. "Samaki huyo. Ameshiba, ameenda. Toka huko, kuku wangu hawajala."