Hereni ya Siwazuri

Elfu hamsini. Ndizo alizonitumia dada yangu Rukia kwenye simu juzi, na nyuma yake ukafuata ujumbe: "Kanunue hereni nyingine umpe mkeo, yaishe." Nikazirudisha palepale, kisha nikampigia.

"Dada, nani kakwambia mie nauza?"

Akacheka, kile kicheko chake kinachonikera tangu utoto. "Athumani, mdogo wangu, hebu jisikilize. Vito vya marehemu bibi wanachukua wanawake, ndiyo maana hereni ninayo mie. We fundi mzima wa mageti, ndevu zimekujaa kidevuni, unagombania hereni? Watu wakusikie?"

"Wasikie."

Nikakata simu, maana nikipandwa na hasira hutoa maneno ambayo baadaye siwezi kuyarudisha mdomoni. Lakini kwa kuwa amewataja watu, basi na watu wasikie habari yote.

Nilipokuwa mtoto, nilianza kwa kuwa mtoto wa kike.

Tulikuwa tunakaa Tandika, kwenye nyumba ya bibi, mama yake baba. Rukia ndiye wa kwanza kuzaliwa. Wakamfuata wavulana wawili, na wote wawili walikufa kabla hata ya kuanza kutambaa. Bibi alikuwa na maelezo yake: kuna kitu kimekaa karibu na nyumba ile na kinapenda watoto wa kiume. Hakukitaja jina kamwe. Alikiita "mwenyewe", na kila alipokiita alishusha sauti. Kwa hiyo nilipozaliwa mie, alitoka chumbani akawatangazia watu waliokuwa barazani, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu: "Mtoto wa kike!" Baba naye aliambiwa hivyohivyo, kisha akavutwa pembeni akanong'onezwa ukweli.

Arobaini yangu ilipofika bibi akanitoga sikio la kushoto, akanivalisha hereni ya fedha aliyoachiwa na mama yake. Akaniita Siwazuri. Jina la Athumani likabaki kwenye kadi ya kliniki, ndani ya sanduku, chini ya nguo.

Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza. Muuza duka aliniita Siwazuri. Akina mama bombani waliniita Siwazuri, na mgeni akiuliza, "Huyu naye binti wa nani?" walimjibu bila kupepesa macho. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imemwagwa chini kila mahali, na bibi alikuwa akiinama kwenye marundo ananichagulia magauni. Moja lilikuwa la njano, lina mfuko mbele. Sijapata kuwa na nguo niliyoipenda kama ile.

Nikafundishwa vya kike. Kukaa chini miguu ikiwa upande. Kufagia kwa kuinama kiuno bila kuchuchumaa. Na kuitika. Kwetu mkubwa akiita, mvulana huitika "naam", msichana huitika "abee".

"Siwazuri!"

"Abee!"

"Irefushe, mwanangu. Abee gani hiyo, fupi kama ya mtu anayedaiwa?"

"Abeee, bibi!"

"Haya. Sasa njoo."

Vita vilianza nilipofikia umri wa shule. Baba, ambaye alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo, alirudi alasiri moja na kaptula ya bluu mkononi.

"Mama, mtoto anaanza shule Jumatatu. Anakwenda kama mwanaume."

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Itoeni hiyo hereni, halafu mtafute sanda."

"Mama, jamani!"

"Sanda ndogo. Bei yake unaijua, umeshanunua mbili."

Baba alitoka nje. Aliporudi wakapatana: kaptula nitavaa, nywele nitanyolewa, hereni itabaki.

Jumatatu mwalimu akaita, "Athumani!" Nikageuka nyuma kumtafuta huyo Athumani. Akaita tena, mwenzangu akanipiga kiwiko, nikasimama, nikakunja mikono kifuani kwa adabu zangu zote, nikaitika: "Abeee!"

Darasa likapasuka. Mwalimu mwenyewe alijiziba mdomo kwa kiganja. "We mtoto, kwenu hakuna wanaume?"

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Jioni baba akanikalisha uani juu ya kigoda.

"Athumani!"

"Abee."

"Naam! Itoe tumboni."

"Naam."

"Usiinamishe kichwa. Na miguu hiyo, kaa kiume bwana, itanue!"

Nikaitanua kwa utiifu mkubwa, kigoda kikaniponyoka, nikaenda chini chali. Rukia alicheka mpaka akakohoa. Baba naye alijikaza, akashindwa, akakaa chini pembeni yangu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu tukaanza upya.

Naam ilikuwa imeanza kunikaa nilipoangukiwa na homa. Bibi alisimama mlangoni akasema neno moja tu: "Sikusema?" Baba akaniinua. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, nikapewa klorokwini, chungu ile ya kuwasha mwili mzima. Tuliporudi, bibi alinivua kaptula, akanivalisha gauni la njano, akakilaza kichwa changu mapajani mwake.

"Siwazuri."

"Abee," nikaitika, meno yanagongana.

Akageukia pembe ya chumba, mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Umesikia mwenyewe. Humu yumo Siwazuri. Huyo Athumani sisi hatumjui."

Kesho yake niliomba uji. Baba akasema ni klorokwini. Bibi akasema ni gauni. Ubishi huo waliuendeleza miaka, wakitaniana kila sikukuu, na hakuna aliyekubali kushindwa. Mie tangu siku hiyo nikawa na kaptula na naam shuleni, gauni na abee nyumbani, hadi siku ya jando. Asubuhi hiyo bibi alinivua hereni, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. "Sasa umeshakuwa mkubwa, mwenyewe hakuwezi tena. Hii ni yako, nakutunzia tu. Siku ukiitaka, idai."

Vijana wa karakana yangu nikiwasimulia huniuliza, "Mzee, haikukuharibu hiyo?" Wanadhani uanaume mtu anazaliwa nao umekamilika, kama gari lililoshushwa bandarini. Shule yangu iliishia la saba na mengine nimejisomea mwenyewe, lakini hili halihitaji kitabu: mwili nilikuja nao, ila naam nilifundishwa uani juu ya kigoda, na Rukia alifundishwa abee na bibi yuleyule. Na wanangu walipougua ni mie niliyekaa nao kichwa kikiwa mapajani, kwa sababu Siwazuri aliwahi kulazwa hivyo. Habari ya huyo mwenyewe, kama alikuwepo au hakuwepo, sijui. Ninachojua ni kwamba mtaa mzima ulikubali kusema uongo kila siku ili mie niishi.

Bibi alipokuwa kitandani mwisho wake, macho yalikuwa hayaoni tena. Walimwambia, "Athumani kaja," hakutikisika. Nikasimama pale na nguo zangu za kazi, zimejaa matundu ya cheche. Kisha akaita yeye mwenyewe, sauti kama uzi: "Siwazuri?"

"Abeee, bibi."

Niliirefusha kama alivyopenda. Akanyoosha mkono, akalipapasa sikio langu la kushoto hadi kidole chake kikakipata kitundu. Akauliza, "Mbona tupu?"

Rukia, ulikuwepo. Ulishika kikombe cha maji, ulisikia. Elfu hamsini zako sizitaki. Nataka hereni yangu.