Picha ya Capri tuliyoifukiza udi mpaka mchana wake ukageuka magharibi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kisa hiki ni cha nyumbani kwetu Muscat na sijakitia chumvi. Asiyeamini aje Sidab, mama atampikia na kumsimulia mwenyewe.

Sebuleni kwa mama kuna picha ndogo ya rangi za mafuta, haizidi daftari la shule. Marehemu baba alipewa zawadi na daktari mmoja wa Kitaliano. Nyuma imeandikwa kwa penseli "Capri", kisiwa cha huko kwao. Aliyeichora ni mtu wa karne ya kumi na tisa.

Sisi watoto tumekua tukijua ni picha ya wakati wa magharibi. Mwamba, nyumba, mbingu ya kahawia, basi.

Lakini mama anashikilia: "Hiyo mchana kweupe. Na juu ya dari ya hiyo nyumba zimeanikwa nguo."

Nguo gani? Nili-zoom kwa simu, sikuona kitu.

Kaka yangu Nassor anataka mama ahamie kwake Ansab. Anahofia kumbukumbu zinamtoka, ipo siku atasahau gesi. Hizi nguo zikawa ushahidi wake. "Mama, unachanganya mambo," akamwambia mbele yetu.

"Mie sijachanganya kitu. Nyie ndio hamwoni."

Siku ile hakula. Iliniuma, maana nilimwona na yeye ameanza kujitilia shaka.

Mwishowe akakubali kuhama, tukaanza kufungasha. Katika kuitungua picha, ikaanguka, fremu ikapasuka. Mama akagoma: bila picha ya babenu, hapa hatoki mtu. Nikamchukua, tukaipeleka Bustan kwa dada mmoja fundi wa picha za kale.

Yule dada akainusa. Wallahi, akainusa! Akauliza, "Nyumbani mnafukiza?"

Wakuu, nyumba gani ya Waswahili hapa Muscat haifukizi? Kila Ijumaa mama anapitisha chetezo kwenye nguo na mapazia, na ile picha, isiyo na kioo, anaipa moshi wake kwa heshima ya marehemu.

Dada akachovya pamba mdomoni, akafuta kona. Mama akaruka: "Mate! Unatia mate picha ya mume wangu?"

Dada akacheka, akasema kwa uchafu kama huu mate ni dawa. Pamba ikatoka rangi ya chai ya rangi.

Chini yake, buluu.

Tulipokwenda kuichukua, Nassor naye alikuwepo. Jamani, ule mwanga! Ukuta mweupe unaumiza macho. Mwamba una kivuli kifupi cha jua la utosini. Na juu ya dari, michirizi mitatu ya brashi, miwili myeupe, mmoja mwekundu. Nguo zimeanikwa, na unaona kabisa upepo unatoka baharini!

Dada alisema wachoraji walikuwa wakikaa nje juani, wanachora haraka kabla mwanga haujageuka. Mimi picha sizijui, lakini mkono ule nimeuvulia kofia. Michirizi mitatu tu, na upepo umo.

Mama hakumsimanga Nassor. Alisema tu:

"Haya baba, karejeshe masufuria yangu jikoni."

Akayarejesha mwenyewe, moja moja.

Ijumaa mama bado anafukiza, ila picha anaifunika kanga kwanza.

Nilichojifunza: mzee akisema anaona kitu, usikimbilie kusema akili imemtoka. Huenda alikiona kabla ya moshi.

Wenzangu mliokulia kwenye nyumba za udi, hebu kanuseni picha zenu ukutani, mje mtuambie hapa.