Karatasi za Njugu

Mtu akikaanga njugu karanga karibu na ofisi yangu hapa Eldoret, mimi hufunga dirisha.

Fujo za uchaguzi zilipotulia, baba alileta nyumbani gunia la vitabu. Hatukumuuliza amevitoa wapi. Jirani yetu mwalimu alikuwa amekimbia, na nyumba yake ilikuwa imevunjwa. Kurasa za mbele, zenye jina la mwalimu kwa kalamu, mama alizichana akawashia jiko. Zilizobaki nilikunja mimi, za kufungia njugu tulizouza barabarani. Kabla ya kukunja nilisoma. Nilisoma mpaka mama akanifinya, wateja wanangoja.

Siku mwalimu aliporudi kuangalia kiwanja chake, alisimama kwa meza yetu. Mama alimpa njugu, akakataa pesa. Mwalimu alikula polepole, akafungua karatasi, akainyoosha kwa kiganja na kuisoma pande zote mbili.

"Nani hukunja hizi?"

Mama akaniangalia.

"Na wewe husoma kwanza?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hii hadithi umefika wapi?"

"Msichana akivuka mto. Zingine tuliuza."

Akanisimulia mwisho wake akiwa amesimama palepale, mama ameinamia jiko. Halafu akaikunja ile karatasi vizuri, akaturudishia.

Sasa nyumba yangu imejaa vitabu. Hata nikinunua kipya kabisa dukani, nafungua kwanza ukurasa wa mbele, kuangalia kama kuna jina la mtu.