Santuri za Gratien Katika Bani la Tumbaku

Gratien aliletwa Katumba, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, mwaka 1973, mtoto mdogo aliyebebwa mgongoni na dada yake. Alikua, akaoa, akalima mahindi na tumbaku kama majirani zake. Alichowazidi ni santuri. Mwaka 1991 fundi mmoja wa mitambo, mgeni aliyekuwa akirejea kwao, alimwachia gramafoni ya betri na santuri kadhaa za roki na bluzi. Tangu hapo, kila alipofika mnadani au Mpanda mjini aliulizia santuri, na watu waliokuwa wamehamia kwenye kaseti walimpa zao kwa kuku au debe la viazi vitamu.

Maneno ya Kiingereza hayakumshughulisha. Alifuata gitaa. Betri zikichoka alizianika juani, na Jumapili mchana majirani walikuja kusikiliza.

"Huyu analia nini?" jirani yake Polycarpe aliuliza siku moja.

"Nadhani mke wake ameondoka."

"Endelea kutoa kuku zangu," alisema Vestina, mke wa Gratien, huku akipepeta mchele. "Na wewe utaimba hivyohivyo, tena bila gitaa."

Mwishoni mwa 1997 mvua zilinyesha bila kupumzika. Paa la nyasi la Gratien lilivuja, na majalada ya santuri yakaanza kuota ukungu. Palibaki mahali pamoja tu pakavu: bani, jengo la matofali la kukaushia tumbaku kwa moto, ambalo yeye na Polycarpe walilijenga kwa shirika. Majani yalikuwa bado shambani. Gratien alizipanga santuri kwenye sanduku la mbao, akalipandisha juu ya boriti za bani, kisha akaenda Mpanda kumuuguza mama yake. Barabara ikakatika, akachelewa kurudi.

Aliporudi aliona moshi. Majani ya Polycarpe yalikuwa yameiva mapema, naye alikuwa ameshayapanga ndani na kuwasha tanuru.

"Baba Onesphore, sanduku langu mlilitoa?" alimuuliza Polycarpe, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Liko ndani. Tulilisogeza katikati lipate joto vizuri."

"Lipate joto?"

"Kitu kikiwekwa kwenye bani, si kinataka kukauka?"

Gratien aliweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi. Santuri haivumilii moto kama ule. Lakini majani yalikuwa yametoka kwenye ukijani na kuanza kushika njano, na katika hatua hiyo mlango wa bani haufunguliwi. Hewa baridi ikiingia, njano hugeuka madoa meusi, na mzigo wote huwa takataka.

"Kuna nini humo?" Polycarpe aliuliza.

"Santuri. Zote."

Polycarpe aliutazama mlango. "Bani ni letu sote. Ukifungua, sitakushika mkono."

"Shambani umebakiza kiasi gani?"

"Hakuna. Yaliyobaki yameozea kwenye maji."

Gratien alisimama mbele ya mlango kwa muda. Kisha akazunguka upande wa tanuru, akachukua gogo, akalisukuma ndani, kwa kuwa moto ulikuwa umeanza kushuka.

Siku mlango ulipofunguliwa, majani yalitoka na rangi ya ndizi mbivu. Santuri zilitoka zimepinda kama mabakuli. Vestina alizitazama, na safari hii hakutania. Polycarpe alileta mbao zake za kushindilia mitumba ya tumbaku. Jua lilipojitokeza walizianika santuri mpaka zikalainika, wakazibana katikati ya mbao, wakaongeza mawe juu.

Nyingi hazikunyooka. Chache zilikubali. Gratien aliweka moja kwenye gramafoni; sindano ikapanda na kushuka, na gitaa likayumba pamoja nayo.

"Imeharibika," alisema Polycarpe kwa sauti ya chini.

"Inasikika."

Waliisikiliza mpaka mwisho, wote watatu. Kisha Gratien akaigeuza upande wa pili.