Oili ya Meza ya Mjomba

Ilianza Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana, Nachingwea mjini, na saa naikumbuka vizuri kwa sababu niliitazama kwenye simu mara tatu nikitafuta mahali pa kuficha macho. Naona haya hata kuiandika, ingawa daftari hili halisomwi na mtu isipokuwa mimi (na mdogo wangu Hamisi, ambaye nikimkamata nalo tena atanitambua), lakini nisipoitoa itaniwasha kama upupu, kwa hiyo acha niitoe.

Kwanza nikiri kwamba mimi ni mtu wa aibu, na sio ile aibu ya kuringa, aibu yenyewe kabisa, ya mtu ambaye darasani akijua jibu anamwandikia jirani yake kwenye karatasi ili alisemee yeye.

Sasa siku hiyo tumefunga shule, nimetoka hosteli na begi langu, naelekea kupanda gari la Ruangwa nirudi kwetu Likunja, simu ikalia, ujumbe wa Mjomba Bakari: "Zuhura nunua oili ya PIKIPIKI lita mbili fundi kasema isiwe nyingine." Neno pikipiki aliliandika kwa herufi kubwa hivyohivyo, nisije nikasingizia kwamba sikuelewa.

Oili yenyewe ilikuwa ya Meza. Meza ni pikipiki ya magurudumu manne ambayo Mjomba aliinunua kwa watafiti wa madini walipokuwa wanafungasha kambi yao, ipo fupi, pana, imekaa chini kama inataka kuwekewa sahani za wali, ndiyo maana watoto wa Likunja wakaiita Meza. Mjomba huitumia kubebea salfa na mashine ya kupulizia mikorosho, na anaipenda kuliko anavyopenda baadhi ya ndugu (sitawataja, lakini Baba mdogo Issa anajijua).

Na safari hii Meza ilikuwa na kazi ya heshima. Hamisi alikuwa jandoni na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kutoka. Kwetu mjomba ndiye mwenye mwali, yeye ndiye anayesimamia kila kitu, na mwali wetu akishatoka kambini hakanyagi ardhi mpaka afike kwenye mkeka aliotandikiwa na mama yake mlangoni, tena njia nzima anatakiwa ainamishe uso, asiseme wala asicheke. Baba mdogo Issa alitaka abebwe mabegani kama alivyobebwa yeye. Mjomba akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba mwali wake atafika mlangoni juu ya Meza, na kama hakufika, basi harusi, msiba, ngoma yoyote, yeye hatafungua mdomo tena kwenye kikao cha ukoo.

"Haya," Baba mdogo akasema, "ila mabega hayaishiwi mafuta, Bakari."

Hayo yote nilikuwa nayajua wakati nasimama mbele ya duka la spea za pikipiki, na bado nikafanya nilichofanya. Tatizo lilikuwa benchi. Kwenye benchi la lile duka walikaa vijana wa bodaboda sita, na kuufikia mlango ni lazima upite katikati ya magoti yao.

"Oya, mwanafunzi! Karibu, tukupeleke wapi?"

"Haongei huyo, ni wa kwenye picha."

"Sista, sema tu, hatung'ati!"

Nikatazama simu. Nikapita kama mtu asiyekuwa na habari na duka lile tangu kuzaliwa, nikaingia la pili yake, la spea za magari, ambako hapakuwa na mtu ila mzee mmoja mpole aliyekuwa anakula karanga. Akaniuliza, "Oili ya nini, mama?" Nikamwonyesha kwa kidole (hata kusema sikusema) galoni moja la rangi ya dhahabu lililochorwa gari linaruka juu ya matope. Akanitazama, akatazama galoni, akauliza tena, "Ya gari, siyo?" Nikatikisa kichwa kukubali. Kichwa hiki hiki ninachokitegemea kwa mtihani wa taifa.

Njiani nikasoma maandishi ya Kiingereza kwenye galoni, nikajikuta nafurahi mwenyewe. Yalisema oili ile inapunguza msuguano kuliko oili za kawaida. Na mimi msuguano nimeusoma kwenye Fizikia, nikapata tisini na moja! Nikaona kumbe sijakosea, nimeboresha.

Mjomba aliliangalia galoni kwa mashaka. "Mbona lina gari?"

"Ya pikipiki imeisha, Mjomba," nikasema, na hapo ndipo nilipotia uongo wa kwanza na wa mwisho. "Wamenipa hii, wamesema ni bora zaidi. Inaondoa msuguano."

"Msuguano ndio nini?"

Nikamweleza, na mchoro nikamchorea chini kwa kijiti. Mjomba akawaita watu wa nyumbani waje waone mtoto wa dada yake anavyojua mambo. Fundi Daudi, ambaye ndiye aliyemwaga oili ya zamani asubuhi, alikuwa ameitwa kazi Lionja, kwa hiyo Mjomba akamimina mwenyewe huku anapiga mluzi.

Jumamosi asubuhi Meza ilikwenda kambini vizuri tu, maana kule kuna tambarare na ilikuwa imembeba Mjomba peke yake. Ikarudi imepambwa maputo na vitenge, Mjomba mbele, Hamisi nyuma ndani ya suti inayomzidi, miwani myeusi, uso umeinama, na tela dogo nyuma limebeba spika, betri na kijana wa muziki ambaye peke yake ni gunia la korosho. Sisi wanawake tuko pembeni na vigelegele. Tukafika kwenye kilima cha kuingilia nyumbani, hatua kama mia mbili hivi kutoka kwenye mkeka wa mama, tunamwona kabisa amesimama na kanga yake mpya.

Meza ikapanda kidogo. Halafu ikaanza kupiga kelele. Yaani injini inalia kama imepandwa na mashetani, Mjomba kaukaza mkono wake wa mafuta mpaka mwisho, na magurudumu yametulia kimya kama ya kitanda cha hospitali.

"Ongeza!" watu wakapiga kelele.

"Nimeongeza!"

"Ongeza tena!"

"Nimeongeza mpaka pameisha pa kuongezea!"

Ikaanza kurudi nyuma taratibu. Baba mdogo Issa akavua kofia, akajipigapiga mabega, na Mjomba akamwona. "Hashuki mtu!" Mjomba akanguruma. "Sukumeni!"

Tukasukuma. Mimi nilikuwa karibu kabisa, nikashika chuma cha pembeni, na juu ya trakisuti ya shule (ile yenye kiraka cha kijani gotini, nilivaa kwa sababu nani angeiona?) nilikuwa nimejifunga kanga. Mashine ikapoapoa, Mjomba akatia gia tena, na safari hii ikashika, ghafla, ikaruka mbele hatua kumi, imeinasa ncha ya kanga yangu na kuondoka nayo. Mimi nikabaki. Nililala kifudifudi katikati ya barabara mbele ya Likunja nzima, nikiinua uso namwona Hamisi anaondoka na kanga yangu inapepea nyuma yake kama bendera, mabega yake yanatetemeka, mwali asiyeruhusiwa kucheka!

Wanawake hawakuchelewa. Palepale wakatunga wimbo, eti Meza imekula kanga ya Zuhura na bado haijashiba. Bibi akasema kitu kwa Kimwera ambacho sitakiandika hapa.

Na baada ya hatua zile kumi Meza ikagoma moja kwa moja, ikatoa harufu ya kuungua. Fundi Daudi, aliyekuja kula pilau kama mgeni, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akakisugua kwa vidole.

"Nani kachagua hii?"

"Duka," Mjomba akasema.

"Basi duka limekumaliza. Hii ya gari. Klachi ya mashine hii inaogelea humohumo ndani ya oili, sasa umeipa inayoteleza kupita kiasi, sahani zake zitashikana na nini? Zinahitaji zisuguane ndipo zikuvute."

Zinahitaji zisuguane. Tisini na moja yangu ya Fizikia niliiona inayeyuka pale kwenye vumbi.

Mwisho wake wanawake ndio waliomwokoa mwali. Walitandika kanga chini, moja mbele ya nyingine, Hamisi akatembea juu yake, ya nyuma inaokotwa inakimbizwa mbele, hivyo hivyo mpaka kwenye mkeka, na ardhi hakuikanyaga. Mama alilia kwa furaha. Lakini alifika kwa kanga, hakufika kwa Meza, na kila mtu aliisikia ile ahadi. Mjomba alikuja nyuma peke yake anaisukuma mashine na maputo yake. Baba mdogo alipoanza, "Enhe, Bakari, kikao kijacho...", Mjomba akakaa mbali, na pilau hakuligusa.

Jioni nikamsikia anamwambia mama, "Jumatatu nakwenda Nachingwea na galoni lake. Yule mwenye duka kanidhalilisha mbele ya shemeji zangu, na mimi nitamdhalilisha mbele ya wateja wake."

Nikamkumbuka yule mzee na karanga zake, aliyeniuliza mara mbili. Usingizi ukakataa kuja. Nikajaribu kupanga maneno ya kumwambia Mjomba, kila nikiyapanga yananikimbia, mpaka nikachana karatasi kwenye daftari hili nikaandika yote, benchi, vijana, kidole changu, uongo wangu, na mwishoni nikaandika kwamba kuanzia leo mtu akiniuliza "ya nini" nitamjibu kwa mdomo, hata kama wamekaa bodaboda sitini.

Asubuhi yake, Jumapili, nilimkuta Mjomba uani kwake ananywa uji, na kwa bahati yangu mbaya Baba mdogo Issa yuko upande wa pili wa uzio anachambua mihogo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

Nikampa karatasi kwa mikono miwili, nikageuka niondoke.

"We Zuhura. Miwani yangu iko ndani, na mimi siinuki. Nisomee."

Nikasoma, macho kwenye karatasi, sauti kama ya mbu. Uji ukapoa. Nilipomaliza Mjomba akakuna kidevu, halafu akatazama kule kwenye uzio.

"Rudia pale ulipodanganya ya pikipiki imeisha."

"Mjomba, tafadhali..."

"Rudia, mwanangu. Na safari hii kwa sauti, baba yako mdogo kule hasikii vizuri."

Nikavuta pumzi, nikasimama wima, nikaanza upya kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tangu nizaliwe.