Boriti ya Jukwaani

Fundi seremala wa chuo alikuwa shabiki kindakindaki wa timu zote mbili, ya mpira wa miguu na ya kikapu. Jumamosi ile timu ya kikapu iliongoza kwa pointi moja, dakika mbili zimebaki, wanafunzi wakirukaruka juu ya jukwaa la mbao. Mara akasikia mbao zikilia chini ya miguu yake. Akainama kuchungulia: boriti imepasuka. Moyo ukampasuka pia. Binti yake alikuwa safu ya juu kabisa.

Akipiga kelele, watu watakanyagana. Akashuka taratibu, akaingia uwanjani na kuudaka mpira.

"Fundi, una wazimu?" mwamuzi akafoka.

"Washushe watu, safu moja moja," akanong'ona. "Jukwaa linavunjika."

Mwamuzi akasimamisha mechi na kuwaamuru mashabiki washuke; wakashuka safu moja moja huku wakimzomea fundi. Yeye macho juu, mpaka binti akakanyaga sakafu. Punde boriti ikakatika, viti vitupu vikaporomoka.

"Baba, unatetemeka," binti akasema.

"Niache nitetemeke, mwanangu."

Mechi ilirudiwa, timu ya chuo ikafungwa. Fundi aliitazama akiwa amesimama mlangoni.